Makofi ya Binti wa Mfalme

Sumbawanga, 9 Julai 1954

Dada yangu Dominika,

Wewe na shemeji Huseni hamjambo hapo Kasanga? Sisi ulezi tumeshavuna.

Wanafunzi wangu walikuwa wanasinzia tu kwenye mchezo wa zamani wa Kiingereza, wa mfalme aliyemfukuza binti yake. Nikachoka, nikawaambia waigize kama sisi Wafipa: binti akirudi, achuchumae na kumsalimu baba yake kwa makofi. Darasa likaamka!

Jana tuliwachezea wazazi. Binti alipopiga makofi, kabla mfalme hajaitikia, Baba yetu, asiyejua Kiingereza hata neno, akaitikia kwa makofi kutoka benchi la nyuma.

Tangu akufukuze hajawahi kuitaja Kasanga. Njiani akaniuliza, “Lori la kutoka Kasanga hufika siku gani?”

Nimemwambia Alhamisi.

Mdogo wako,
Felisiani