Gego Ninalokurudishia

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Mdogo Wangu,

Salamu nyingi. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi tu wazima, ukiondoa ulichotuharibia. Nimekuamkia kwanza usije ukasema sina adabu.

Cherehani za watu zinaendelea kuharibika, kwa hiyo kazi ipo.

Sasa tuje kwako. Unajua binti yangu shingo humruka bila hiari, kisha huguna. Wewe ukaona video ya daktari wa meno aliyemtuliza mtu mwenye hali hiyo. Uliitazama nusu, ulikiri kwa kinywa chako mwenyewe. Nusu ya pili ukaitunga: gego ndilo chanzo, ling'olewe. Ukampigia Mama nikiwa kazini, na Mama, kwa kuwa wewe ndiye msafiri, hata ukikohoa yeye husikia hekima. Akampeleka mwanangu kwa mng'oa meno wa sokoni. Likatoka gego zima, halina hata doa. Shingo ikaendelea kuruka, safari hii na damu mdomoni.

Mimi shule yangu ni bisibisi, lakini mashine ikiruka nyuzi sing'oi gurudumu.

Nilimpeleka kwa daktari wa meno hasa. Akasema kuna kibao cha plastiki kinachovaliwa juu ya magego ya chini, na wengine hutulia. Hakuahidi kitu, alisema utafiti wenyewe bado mchanga. Akamng'atisha pamba kwa kujaribu, shingo ikatulia dakika nne. Niliikodolea macho saa ya ukutani kama mwizi. Kisha akachungulia pengo, akauliza, "Gego la hapa kang'oa nani? Kibao kingeshika hapa."

Nilikutaja kwa cheo chako chote: baba mdogo.

Tusubiri kidonda kipone, miezi miwili. Usaili wake wa kazi ya maktaba ni wiki ijayo, mahali ambapo hata kurasa hufunuliwa kwa heshima. Ataenda na mguno wake. Nawe, nasikia, unawatangazia ndugu kwamba umemponya.

Gego limo ndani ya bahasha hii. Amelifunga mwenyewe, akasema, "Mwambie baba mdogo alivae yeye, tuone kama ulimi wake utaacha kuruka." Shingo ilimruka mara tatu akisema hayo, wala hakupoteza neno.

Wasalimie shemeji na mapacha. Mama anakusalimu, kwa sauti ya chini siku hizi. Mungu akulinde, na simu yako aizime.

Wako akupendaye kwa taabu,
Kaka yako.