Msumari wa Sita

Kwako Bibi Mdomo, mke wangu,

Nimefika salama, tumbo likitangulia kama kawaida. Mji huu una vituko. Nikipiga gitaa sokoni hakuna anayepiga makofi. Wauzaji hufunika bidhaa zao, na kukaa chini kimya kama wamefiwa. Jana kinyozi alininyoa bure, akauliza nimebakiza miaka mingapi. Nikamjibu, "Muulize mke wangu, ndiye anayeisubiri iishe."

Chumbani kwangu yananing'inia magitaa matano, yamefutwa vumbi vizuri. Nikamuuliza mwenye nyumba, "Mama, wenyewe wako wapi?"

"Walipapenda hapa, babu. Hakuna aliyeondoka."

Leo asubuhi seremala amekuja kupigilia msumari wa sita. Alipima gitaa langu, kisha akanipima na mimi, kisigino hadi utosi. Nikamwambia, "Fundi, mimi sining'inizwi, nitachana shati." Hakucheka. Sasa mabwana wawili wapole wananisindikiza hata chooni.

Wameniuliza kama nina mtoto anayepiga gitaa. Nimeapa kwamba mimi ni mgumba. Nisamehe kwa kuwakana watoto wetu wote saba. Lakini wameshaiona picha ya binti yetu na gitaa lake, niliyoiweka mkobani kwa majivuno yangu.

Barua hii nimempa dereva wa lori kwa siri. Itakuja nyingine watakayoniandikisha, kwa mwandiko wangu huu huu wa kuku, ikiusifu mji na kumwita binti yetu aje. Ichome. Asitoke, hata akikununia mwaka mzima.

Mumeo, ambaye hakumaliza kukusumbua.