Chembe za damu za Aline

Jumanne jioni

Leo nimeuliza swali mbele ya watu! Daktari alikuwa anatueleza kwamba leukemia, saratani ya damu ya dada yangu Aline, imerudi. Ng'ambo wanatoa chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe, wanazifundisha kushambulia saratani hiyo, kisha wanamrudishia. Hapa Bukavu bado.

"Nani anazifundisha?" nikauliza.

"Ni wenye walisoma biolojia, maman," daktari akanijibu.

Aline akacheka kitandani. "Huyu? Iko na haya ya kusalimia padri, eti atafundisha damu!"

Siku ya matokeo ya diploma ya sekondari, nilipofaulu, ndiye aliyenimwagia poda ya pongezi kichwani kabla ya wengine wote.

Papa, baba yetu, anataka nisome sheria. Njiani kurudi nyumbani nikamwambia, "Papa, miye nitasoma biolojia."

Masomo ni marefu, na Aline huenda asinisubiri. Nalijua hilo. Kesho naenda kujiandikisha hata hivyo.