Taulo Tumeshika, Kitanda Tumetupa

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, na mashine yenu ya kuchimba visima imeacha ukaidi. Sisi huku twapumua. Mtoto ananyonya vizuri, na masikio ni yako, hilo halina ubishi.

Kama tulivyokubaliana, leo asubuhi nimefika kwako kumkanda wifi, siku ya tisa tangu ajifungue. Nilikuta maji ya moto tayari, taulo mbili, na mkaja wa kumfunga tumbo. Nikamkanda, nikamfunga, nikamwambia alale. Akaniangalia kama niliyemtukana. Nilitoka kumwaga maji, niliporudi kitanda kitupu. Yuko uani, amechutama kwenye beseni, anafua mashuka ya wageni. Saba wamekuja kumwona mtoto. Aliyekuja kumwona mama yake sikumwona.

Nikamuuliza Mama yetu kwa nini mzazi anafua. Akasema mbona mzazi anakandwa kila siku, tena maji anayapima yeye mwenyewe kwa kiwiko. Wifi akasema hana neno, ameshazoea. Shangazi, mdomo umejaa chakula, akaongeza kuwa wanawake wa siku hizi ni mayai. Nikamjibu kwamba yai angalau huatamiwa.

Nimesoma vitabu vya wanaobeza mila na vya wanaoziabudu, sijakuta upuuzi kama wetu. Wazee walimpa mzazi siku arobaini za kulala, maji ya moto yakawa nyongeza. Sisi tumeshika taulo, kitanda tumetupa. Tunamkanda asubuhi ili afue mchana, kama punda anayepakwa mafuta kwenye kidonda kisha akapakiwa mzigo upya. Na wewe unayewachimbia watu maji, mkeo anabeba ndoo kutoka bomba la mtaa wa pili.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Mama halijui. Kitinda mimba wangu alipozaliwa, ulikuwa unasoma, unaishi kwangu. Siku ya kumi na mbili ulileta wenzako sita wa timu, mna njaa. Nilikuwa nimekandwa asubuhi hiyo, mkaja ungali kiunoni. Nikabeba ndoo mbili, nikawapikia. Jioni ile kizazi kilishuka. Miaka kumi na tisa naishi nacho hivyo. Ndiyo maana sicheki kwa nguvu mbele za watu, jambo ambalo wewe huliita maringo. Sikukwambia, kwa sababu ulikishukuru sana kile chakula.

Wageni nimewaaga kwa niaba yako. Shangazi amenuna, Mama pia, ila anakusalimu. Wifi amelala, nami nimeweka kiti mlangoni kwake. Mashuka yamebaki kwenye beseni. Mimi siwezi kuyakamua, na sasa unajua kwa nini.

Dereva anayekuletea barua hii anarudi keshokutwa, na kiti cha mbele kina nafasi. Omba ruhusa. Zimebaki siku thelathini na moja, na ndoo zipo.

Nisalimie wenzako wote kambini.

Ni mimi dada yako,
wa hapa mlangoni