Alama Niliyoacha Kuiweka

Jumatatu, 2 Julai 1956

Baridi kali. Umande umeganda juu ya kabichi. Nimeota moto mpaka saa tatu.

Uji umeletwa kama kawaida. Mkamwana amekohoa nyuma ya ua, nami nimegeukia ukuta. Ameweka bakuli kizingitini, ameondoka. Mwaka wa tatu huu, sijui sura yake. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani wala kusemezana. Akinikuta njiani huingia shambani mpaka nipite. Yeye ni Mhehe wa Iringa, lakini mila yetu ameishika kuliko binti zangu.

Mchana amekuja Ambakisye, mwanangu, mume wake. Amesimama mlangoni akizungusha kofia mikononi. Nikajua kuna neno. Mkewe amejiandikisha mbio za wilaya za Jumamosi. Nikasema vyema, zile za wanawake za kubeba mtungi. Akasema hapana, zile ndefu. Ilomba mpaka Uyole na kurudi. Za wanaume.

Nimekasirika. Kisha nikakumbuka kwamba tangazo niliandika mimi. Bwana Shauri, mzungu wa serikali pale Boma, hunipa kazi hizo kwa sababu nilikuwa karani wa baraza. Niliandika "kila mkazi mwenye afya njema." Nani angefikiri? Na anayekaa Uyole penye pipa la kuzunguka, kuweka alama kwenye majina ya wanaopita, ni mimi vilevile.

Jumatano, 4 Julai

Mji mzima unacheka. Kilabuni wananiuliza kama mimi nitaingia mbio za mtungi. Nimekunywa kidogo nikarudi nyumbani.

Mke wangu amenisema leo. Watatu wa kwanza watapelekwa Iringa kwa lori la serikali, kushindana na wilaya nyingine. Nilijua. Ambacho sikukifikiria amekitaja yeye: mama wa mkamwana anaumwa huko Iringa tangu Pasaka. Binti aliomba ruhusa ya kwenda. Ambakisye hakupata likizo hospitali anakofanya kazi, na mimi nilikataa asisafiri peke yake. Nilikataa nikiwa nakula, hata sikuinua kichwa.

"Mlango umemfungia wewe," mke wangu kasema. "Sasa anapitia dirishani, unashangaa nini?"

Nimekwenda kupalilia kisichohitaji kupaliliwa.

Ijumaa, 6 Julai

Nimepanga mambo. Mwalimu Elia wa shule ya misheni atakuwa nami penye pipa. Mkamwana akitokea, nitageuka, mwalimu ataweka alama. Mila imetimia, na kazi ya serikali imetimia. Nimejipongeza.

Jumamosi, 7 Julai

Siku mbaya.

Watu wengi Uyole, lakini wote barabarani. Penye pipa tulikuwa wawili, nyuma ya banda la mahindi. Wakapita wanaume kumi na kitu bila mpangilio, wengine wamekwisha chakaa. Mmoja akaanguka, akatokwa damu puani. Mwalimu Elia akambeba kumpeleka kivulini. Nikabaki peke yangu.

Ndipo akaja. Nilijua kabla ya kuona, maana nyayo hizo nazisikia kila asubuhi. Zikasimama ghafla. Kaniona mgongo. Nikasikia mabua ya mahindi yakivunjika: ameingia shambani kunipisha, katikati ya mashindano, kama siku zote. Nikajikaza nikatazama mlima. Pita, mtoto, nikasema moyoni. Hakupita. Wanaume wawili wakampita, nikawawekea alama zao.

Halafu nikasikia mbio kuelekea pipa.

Nikageuka. Mungu ni shahidi yangu, niligeuka. Alikuwa amejifunika kanga kichwa chote, ameacha tundu la macho tu, anazunguka pipa. Mrefu. Miguu myembamba yenye vumbi. Kisha akaondoka kama mtu aliyeiba. Miaka mitatu amekuwa akinikimbia, kumbe alikuwa anafanya mazoezi.

Penseli ilikuwa mkononi. Sikuweka alama. Ningeweka, ningekuwa nimekiri kwa maandishi kwamba nimemtazama mke wa mwanangu.

Ilomba amefika wa tatu. Wale wawili kawafikia akawapita, na wengine juu yao. Wa nne ni Yoramu, fundi mwashi, ambaye amefanya mazoezi mwaka mzima kabla ya jua kutoka. Yoramu akataka karatasi isomwe. Ikasomwa. Jina la mwanamke halina alama. Wakasema amekata njia kupitia mashambani, na kweli kanga yake ilikuwa imejaa makapi ya mahindi. Bwana Shauri akaniuliza mbele ya watu kama nilimwona akizunguka.

Nikasema sikuona.

Nafasi kapewa Yoramu.

Jumapili, 8 Julai

Kanisani. Sikuweza kuimba.

Miaka ishirini na mbili niliapisha watu barazani. Niliwatazama machoni wakiapa, na wengi nilijua wanadanganya, nikawadharau. Uji umeletwa leo vilevile, kwa wakati uleule, wa moto. Afadhali angeuacha upoe. Afadhali angemwaga.

Mke wangu hasemi nami. Ambakisye hakufika kabisa.

Jumatatu, 9 Julai

Nimekwenda Boma saa mbili, kabla woga haujaamka. Nimevaa koti la kazi. Nimemkuta Bwana Shauri anakunywa chai, Yoramu yuko nje kuandikishwa safari. Nikaomba aingie asikie.

Nikasema hivi: "Nilimwona. Tabita, mke wa mwanangu. Alizunguka pipa lote. Sikuweka alama kwa sababu ni mkamwana wangu, na Jumamosi nilidanganya."

Jina lake sijawahi kulitaja. Limetoka jepesi tu.

Bwana Shauri hakuelewa. Nikamweleza habari ya shamba la mahindi, kwa nini aliingia, kwa nini alisimama akaachwa na wawili. Akamwita Mwalimu Elia, naye akasema wakati anamfuta yule mtu damu aliwaona wawili wakipita na mwanamke kaduwaa kwenye mabua. Basi. Karatasi imesahihishwa. Nimeweka alama kwa mkono wangu, mbele yao.

Nimetembea kwa miguu kurudi nyumbani. Mwili mwepesi. Nimeona njaa kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, nikanunua ndizi za kuchoma Ilomba nikala nikitembea, mtu mzima mimi.

Jumanne, 10 Julai

Kaka yangu mkubwa amekuja kunigombeza. Anasema nimeona nisichopaswa kuona na nimetangaza Boma. Nimekubali yote. Nimetoa mbuzi, amechinjwa, wazee wamekula, wamesema yamekwisha. Mkamwana amepelekewa paja. Naambiwa amelila lote. Nimefurahi mno.

Jioni kaja Yoramu. Nilidhani ugomvi. Hakukaa.

"Kushindwa si kitu, Mzee," akasema. "Lakini kila ninakopita wananiuliza nimeshindwa na nani. Wewe wangekuuliza hivyo, ungejibu nini?"

Nikamwambia wale wawili wa kwanza hawaulizwi kitu, na yeye mwakani awe mmoja wao. Halikuwa jibu zuri. Ni kijana mwadilifu, hakusema uongo hata mara moja katika jambo hili. Mimi ndiye niliyemkosesha, nilimpa siku mbili za furaha zisizo zake. Nimemwomba radhi. Ameitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 12 Julai

Lori limeondoka alfajiri. Wanaume wawili na mkamwana, na dada mmoja wa misheni anayekwenda huko huko, ndivyo mke wangu alivyopanga. Mimi nilikaa ndani mpaka mngurumo ulipokwisha.

Leo uji kapika mke wangu. Mzito mno. Nimemaliza bakuli.

Jumamosi, 14 Julai

Nimemwona Yoramu barabara ya Uyole asubuhi, anakimbia peke yake. Amenipungia mkono.

Jumamosi, 21 Julai

Ambakisye kaleta barua kutoka Iringa, kanisomea. Mkewe amekuwa wa tisa, na nyuma yake wamebaki wanaume wengi. Walimcheka mwanzoni. Mwishoni walimletea maji. Amemkuta mama yake hai. Amekonda, lakini anakula akilishwa. Lori lilirudi Jumatatu, naye hakupanda. Anamwomba mumewe amwombee kwangu abaki mpaka mama aweze kusimama. Kama nakataa, atapanda basi mara moja, hana kinyongo.

Ambakisye alikuwa ananitazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Nikamwambia aende zake kazini, jibu nitaliandika mwenyewe.

Mila inakataza kuonana na kusemezana. Kuhusu barua sijapata kusikia. Nimechukua karatasi nzuri, nimechonga penseli, kisha nimeiweka nikachukua kalamu ya wino. Nimemwambia abaki, asihesabu siku. Nimemwambia kwamba Pasaka nilikosea. Sehemu hiyo imechukua muda.

Kilichonishinda ni mwanzo. Sikujua nimwiteje. Nimeharibu karatasi mbili. Ya tatu nimeandika, "Mwanangu Tabita," na mengine yakafuata yenyewe.

Bahasha imefungwa. Jumatatu naipeleka posta.