Ukuta Wenye Jua

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana nakufuata gazetini kila wiki na najua ulimi wako hauna breki.

Mimi ni kitindamimba wa mama yangu na ndiye ninayeishi naye, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, kwa sababu ndoa yangu ilivunjika nikarudi nyumbani na cherehani yangu na mabegi, na tangu hapo sebule ndiyo sehemu yangu ya kazi, nashona sare za shule, na mama yuko chumba cha mwisho kwenye korido. Macho ya mama yameingia ukungu, hatambui tena sura ya mtu, anachoona ni mwanga na kivuli basi, lakini nakuapia hakuwa mzigo kwangu hata kidogo, asubuhi alikuwa anatoka chumbani mwenyewe, anaweka kiganja ukutani, anakwenda na ukuta taratibu huku ameelekeza uso kwenye mlango wa jikoni unaotokea uani, maana korido yetu ina giza hata mchana na mwanga wote ulikuwa unaingilia mlango ule, akifika anakaa kwenye kigoda chake pale mlangoni anachambua mchele kwa vidole, na hakuna jiwe lililompita.

Sasa kaka yangu mkubwa, ambaye ana kazi nzuri na huja mara mojamoja, akaja na mkewe, wifi yangu huyo ambaye akija kwetu hukalia nusu ya kiti kama anaogopa kuchafuka, wakasimama kwenye korido, kaka akasema mama anaishi gizani kama panya, watu watatuonaje, na wifi akasema yeye amelala hoteli moja yenye taa nzuri za kuzamishwa ukutani, zile ambazo fundi anatoboa ukuta anafukia kikopo cha taa ndani, kinabaki kioo tu kimelala sawa na plasta, na kweli wakamleta fundi na mashine yake ya kukatia ukuta, vumbi likaingia mpaka kwenye sare nilizokuwa nimeshapiga pasi, hakuna aliyeniambia pole.

Fundi akauliza taa zikae urefu gani, wifi akajisogeza ukutani akagusa kiwiko chake, akasema hapa. Wifi ni mrefu, Mshauri, mrefu kwelikweli, na mama yangu ananifika kwapani. Fundi akauliza tena ni ukuta upi, kaka akasema huu ambao hauna milango ya vyumba, utapendeza zaidi, na ndio ukuta ule mama anaopita nao. Wakaziwasha, nyeupe pee, zikapendeza, siwezi kusema uongo, lakini mwanga wa uani ukawa unazimeza, basi wifi akaniagiza mlango wa jikoni uwe unafungwa ili taa zionekane, nami nikawa naufunga, kwa sababu nakaa kwa hisani ya kaka na sina ubavu wa kubishana na wifi, na hata wateja wangu wakija kupima sare wanachungulia korido wanasema eh, kwenu siku hizi kama benki.

Matatizo ya mama yakaanza hapo hapo, au niseme ndipo tulipoyaona. Akawa akitoka chumbani anafika kwenye taa ya kwanza anasimama, anageuza uso ukutani, anaanza kusukuma ukuta kwa mikono miwili. Mimi nikadhani anapumzika. Halafu kaka akaja na wenzake wa kazini kumjulia mama hali, nimemwogesha na kumvika vizuri, taa zinawaka, wageni wamekaa wanamtazama anavyokuja, naye akafika palepale akageuka akaanza kusukuma, akisema, "Nifungulieni."

Kaka akainuka, akasema, "Mama, huo ni ukuta."

"Ukuta gani una jua?" mama akamjibu. "Mlango wangu mmeung'oa kitasa. Nifungulieni nitoke."

Mgeni mmoja akacheka kidogo halafu akajitia anakohoa. Kaka uso ulimshuka, akamshika mama mkono akamkalisha kwenye kiti kama anaweka gunia, na wifi akaninong'oneza jikoni, "Ndivyo huanzaga hivyo. Mimi nilimwambia kaka yako mapema." Tangu siku hiyo kwenye kundi la familia la simu neno ni moja tu, mama akili zimemruka, na kaka ameamua kwamba Jumamosi hii anakuja na gari amchukue akaishi nao huko kwao ghorofani, nyumba ipangishwe, na mimi nimeambiwa ni wakati wa kujitegemea, hivyo hivyo, dada mtu mzima unakabidhiwa ujumbe wa simu kama mpangaji.

Kinachonichoma zaidi ni jirani yetu, ambaye alisikia mama akilia "nimefungiwa, nimefungiwa", na sasa akinipita hanisalimii, anaamini namfungia mama yangu ndani. Mshauri, juzi nilimfokea mama. Nilimwambia, "Kwani wewe mama huoni ni ukuta?" na neno lilipotoka tu nikajua nimesema nini, akarudi chumbani kwake, nikashindwa kushona siku nzima. Na cha ajabu akili zenyewe zinakuja na kuondoka, maana kuna siku umeme ulikatika, nikafungua mlango wa jikoni nipate mwanga wa kutungia sindano uzi, mama akatoka mwenyewe mpaka kwenye kigoda, akaniuliza mchele uko wapi, tukapiga soga vizuri kabisa, anakumbuka mpaka jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza, nikajua Mungu amenihurumia, umeme uliporudi nikafunga mlango nikawasha taa zetu, na jioni akaanza tena kusukuma ukuta.

Naomba uniambie, nikubali mama aende kwa kaka au nimkatalie, na kama ni kumkatalia, mimi kitindamimba niliyeachika nitaanzia wapi, nikiondoka hapa mimi na cherehani tutakwenda wapi. Nisaidie, maji yamenifika shingoni.

Ni mimi, Binti wa Mwisho.

*

Binti wa Mwisho, marahaba. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na nilipofika mwisho nikarudi mwanzo kwa sababu sikuamini kwamba mtu anaweza kuandika jibu lake mwenyewe kirefu namna hiyo kisha anaomba msaada.

Umeme ulikatika, mlango ukawa wazi, mama akatembea akafika akauliza mchele. Umeme ukarudi, mlango ukafungwa, mama akakwama. Umeliona, umeliandika, halafu ukaita "ajabu". Ajabu ni wewe.

Mama yako anaona mwanga na kivuli tu, umesema mwenyewe. Miaka yote mwanga katika korido hiyo ulikuwa mmoja, na maana yake ilikuwa mlango. Anatoka chumbani, anaufuata, anafika. Mkaja mkafunga mlango wenyewe, mkatoboa ukuta, mkapanda humo majua ya bandia usawa wa macho yake, upande wa mkono wake. Mama amefanya kama anavyofanya siku zote, ameufuata mwanga na kutafuta kitasa. Hapo nani akili zimemruka? Mimi ningesukuma pia, tena mimi ningepiga teke.

Sikusemi hivyo kwa kuwa sikuonei huruma. Nakuonea sana. Kuishi kwenye nyumba ya mamako huku unatembea kwa kunyata kama mgeni, wifi anakuamuru ufunge mlango wako mwenyewe, ni uchungu ambao wasomaji wangu wengi waliorudi nyumbani wanaujua. Lakini woga wako umemgharimu mama. Kila asubuhi ulikuwa unafunga mlango ule ili taa za wifi zipendeze, machoni pa nani, kwani wifi anaishi hapo? Na mama anapolia amefungiwa, unamkasirikia jirani. Jirani amesikia vizuri tu.

Kuna jambo limenikera mpaka nikaweka kalamu chini. Fundi amekuja, ukuta umekatwa, taa zimenunuliwa, na katika barua nzima sijaona mahali mtu amempeleka mama kwa daktari wa macho. Ukungu wa machoni mara nyingine hutibika, mara nyingine hautibiki, mimi sijui, wala wewe hujui, wala kaka yako na kazi yake nzuri hajui. Mpelekeni. Na hayo ya akili mwulizeni daktari pia, asije akaamua wifi jikoni kwa kunong'ona.

Kwa taa zenyewe, nisikilize, na wengine mnaotamani taa za hoteli msikilize pia. Taa ya kuzamishwa ukutani ukikosea huihamishi kama kigoda, umeshatoboa. Kwa hiyo kabla fundi hajawasha mashine, mtu ashike tochi ukutani pale taa inapotakiwa kukaa, na yule anayepita hapo kila siku apite. Si anayelipa, anayepita. Akifumba macho, akisita, akigeuka, taa isiwekwe hapo. Na katika korido, taa ya namna hiyo ikae chini, karibu na kifundo cha mguu, iwe na kifuniko kinachomwaga mwanga sakafuni, ili miguu ione pa kukanyaga na jicho lisikutane na taa yenyewe. Iwe na mwanga wa manjano uliopoa, achana na huo mweupe wa dukani. Ukuta wa mkono wa mama muuachie mkono wa mama. Hizo zilizopo fundi azitoe, azibe matundu, apige plasta vizuri kiganja kisikwaruzike. Kama mnataka taa sana, ziende ukuta wa pili, katikati ya milango ya vyumba, huko chini, na swichi iwe mlangoni kwa mama ili awashe na kuzima yeye. Kwanza mwulizeni kama anazitaka. Nimeitafuta barua yako yote, hakuna aliyemwuliza.

Sasa Jumamosi. Usimwandikie kaka yako kwenye kundi la familia, huko mtatukanana tu na shangazi zenu watatia chumvi. Mwache aje na gari lake. Akifika usimkaribishe sebuleni, mpeleke uani, msimamishe kando ya mlango wa jikoni ulio wazi, taa zote zimezimwa, mwambie afunge mdomo. Amwone mama anavyokuja. Mama akishakaa kwenye kigoda, mwingize kaka yako korido, funga mlango, washa taa zake, kisha mwombe apige magoti mbele ya taa ya kwanza. Si adhabu, ingawa angestahili. Ni ili macho yake yafike urefu wa macho ya mama. Akae hapo kidogo aitazame. Baada ya hapo mwulize kama bado anataka kumpandisha mama ghorofani, kwenye nyumba ambayo mkono wake haujui ukuta hata mmoja.

Akisema bado anataka, utamwambia hapana. Ni neno fupi, utaliweza. Lakini usimwambie hapana kwa ajili ya cherehani. Barua yako imenipa shaka hapo, nakwambia ukweli. Ikiwa unamtetea mama ili ubaki na paa, kaka yako atalinusa hilo kabla hujamaliza sentensi. Yako na yake yatenganishe: mwambie mama anabaki kwa kuwa nyumba hii anaiweza, na habari ya wewe kukaa au kuondoka ni kikao kingine, siku nyingine, na mama awepo na aseme.

Halafu kuna yule uliyemfokea. Hukuniomba ushauri juu ya hilo, nakupa bure. Nenda chumbani kwake, kaa chini, mwambie alikuwa anasema kweli na ninyi mlikuwa mnamwona mwehu. Usilie sana, atajisumbua kukubembeleza. Ukitoka hapo pita kwa jirani umwambie na yeye, kwa kuwa mama amechafuliwa jina mtaani na ni wewe wa kulisafisha.

Mama yako aliwaeleza tatizo mapema, kwa sauti, mbele ya wageni. Alisema mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa kweli, na aliyeufunga ni wewe. Weka gazeti chini uende ukaufungue.