Neno la Kuazima

5 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko ugenini? Sisi tu wazima, isipokuwa mdogo wako. Sufuria ya maji yaliyochemka ilimpindukia mguuni, mguu uleule wa kukanyagia cherehani. Wamemtoa ngozi ya paja wakaibandika kwenye muundi. Kwenye cheti wameandika "graft". Nilipomuuliza muuguzi akasema, "Ni kupandikiza, mama." Kupandikiza si mambo ya miche? Wewe ndiye fundi wa kitalu, nieleze. Tumetoka wodini, tarehe ishirini turudi wafungue bandeji waone.

Mama yako

12 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kazi tu. Poleni sana. Mwambie huyo kitinda mimba wako, nani kamwambia yeye ni kuku wa kunyonyolewa?

Neno hilo "graft" ni letu kabisa. Msimamizi wetu, mpenda maneno, anasema lilianza kwa Wagiriki, likiwa kalamu ya kuandikia. Kikonyo, kile kijiti tunachopandikiza, huchongwa ncha kama kalamu, ndipo kikapata jina. Madaktari waliliazima kwa watu wa bustani baadaye sana.

Sisi tunachanja shina, tunachomeka, tunafunga utepe, basi. Ukifungua kabla hakijashika, umekiua. Mwenye papara hapati mche.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nilimsomea mgonjwa barua yako, akacheka hapo kwenye kuku.

Tarehe ishirini hatukwenda. Nilijiambia, kama madaktari wameazima kwenu, basi ninyi ndio wenyewe, na mwenye kitu ndiye ajuaye masharti yake. Muuguzi akaja mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Mwanangu ni fundi wa kazi hii. Hatufungui mpaka kishike."

"Kishike nini, mama?"

Nikafunga mlango. Sasa mdogo wako ana homa, na bandeji inatoa harufu. Je, miche yenu nayo hunuka kabla ya kushika?

Mama yako

30 Machi

Mama, shikamoo.

Barua hii nampa dereva wa lori anayekuja huko, posta itachelewa. Nilieleza neno, Mama, sikueleza tiba! Nilikuwa nasema habari za miti. Mpeleke hospitali sasa hivi, usimalize hata kusoma.

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Dereva alifika, tukaenda. Wamekata mguu juu ya goti. Daktari aliuliza nani alizuia bandeji isifunguliwe, nikasema ni mimi. Wewe nilikuuliza neno tu, ukajibu.

Mdogo wako hasemi nami. Chakula anakula nikishatoka chumbani. Jana nilimuuliza nikuandikie nini, akajibu akiwa ameelekea ukutani: "Mwambie alete salamu tu. Maneno abaki nayo."

Basi, anakusalimu.

Mama yako